Maswali kwa Fundi: Mafuta "meupe pe"

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa urubani, nimefikisha saa 31, zote nimezipatia Mombasa. Mwezi uliopita rafiki wa familia alinichukua kwenye Cessna 172 yake kutoka kiwanja kidogo huko bara. Ndege ilikuwa imelala nje siku tatu na mvua ilinyesha kila usiku. Asubuhi nilimwona akikinga mafuta kidogo ya tangi kwenye kikombe ili ayakague, akaniambia, "Tazama yalivyo safi, meupe pe." Tulipofika kama futi 300 juu ya ardhi, injini ikaanza kukohoa na kutetemeka. Nguvu zilipungua lakini haikuzima. Akaanza kugeuza ili turudi, honi ya stoli (inayoonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege) ikalia, akaacha, akashusha pua tukatua kwenye shamba la mahindi lililokuwa mbele yetu. Gurudumu la mbele lilivunjika, sisi tulitoka wazima. Wenzake wanamlaumu: injini ilikuwa bado inazunguka, kwa nini hakurudi kiwanjani? Wana haki? Na injini ilipatwa na nini?
– Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale pale: "meupe pe".

Mafuta ya Cessna ile, avgas 100LL, si meupe. Ni ya buluu. Kiwandani hutiwa rangi makusudi ili mtu ayatambue kwa macho. Kikombe kikiwa na mafuta na maji kidogo, utaona tone limekaa chini kama shanga, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta. Hilo kila mwanafunzi anafundishwa. Hatari kubwa ni kikombe kilichojaa maji matupu. Hakina shanga wala mstari wa kutenganisha, kinang'aa, na mtu aliyezoea kutafuta shanga hukiona safi kabisa. Sikuwepo, na fundi wenu ndiye atakayefungua chujio na kabureta aseme alichokuta, lakini kwa maelezo yako naamini rafiki yenu alikinga maji ya mvua.

Maji hupita juu ya bawa, kwenye kifuniko cha tangi. Mpira wake ukishakauka na kupasuka, mvua ya usiku mmoja inatosha. Basi fanya hivi. Kiinue kikombe mbele ya kitu cheupe, karatasi au shati lako, uitafute ile buluu. Kisha chovya kidole na ukisugue kwa kidole gumba. Avgas inakauka upesi na kuacha ncha za vidole baridi, harufu yake haifichiki. Maji yanabaki maji. Ukikuta maji, endelea kukinga mpaka yaishe, tikisa mabawa, ishushe mkia chini uiachie, ngoja dakika chache yatulie, ukinge tena. Fanya hivyo kwenye koki zote za kukingia, na ile ya chujio usiisahau. Mimi nimewahi kujaza vikombe tisa kutoka bawa moja baada ya masika, na mwenye ndege amesimama pembeni akinihimiza kwa sababu wageni wake wanangoja. Nilimwacha ahimize.

Utauliza, mbona injini iliwaka na ndege ikafika mpaka njia ya kurukia? Kwa sababu kwenye mabomba na kwenye kabureta kulikuwa na mafuta mazuri ya safari iliyopita. Hayo ndiyo yaliyowatoa chini. Pua ilipoinuka, maji yaliyojificha tangini yakasogea kwenye tundu la kutolea mafuta, na injini inakunywa kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote mwingine.

Sasa hao wanaomlaumu. Hapa sitazunguka: walikosea, na ningependa wasome gazeti hili. Injini iliyozima kabisa inakuamulia, huna la kuchagua ila kushusha pua. Injini inayokohoa inakupa tamaa ya kurudi. Wachunguzi wa ajali wa Australia walikusanya taarifa za ndege za injini moja kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Zilizozima kabisa baada ya kuruka zilikuwa 75, na hakuna ajali hata moja kati ya hizo iliyoua mtu. Zilizopoteza nguvu kiasi zilikuwa 242, na 9 kati ya hizo ziliua.

Kurudi kiwanjani si kugeuka nusu duara. Ukimaliza nusu duara uko pembeni ya njia, sambamba nayo, kwa hiyo lazima uzidi kugeuka, kisha ugeuke tena upande wa pili ili uilenge, na sasa upepo uko mgongoni. Ndege iliyoinama upande nyuzi 45 inafika stoli kwenye mwendo ulio juu kwa karibu asilimia 20. Honi mliyoisikia ilikuwa inasema hivyo. Rafiki yenu aliisikiliza, na gurudumu hununuliwa.

Ila kugeuka kwenyewe hakupaswa kuanza. Uamuzi huu hufanywa ukiwa bado chini, mguu uko kwenye breki. Mimi hutamka kwa sauti, hata nikiwa peke yangu. Kwa mfano Wilson, Nairobi, ambako kiwanja kiko futi 5,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, nasema: "Kabla saa ya kimo haijasoma 6,300, injini ikilegea natua mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo. Pua chini, mwendo noti 70." Namba ni yako na ya mwalimu wako kulingana na ndege. Lakini itamke.

SWALI: Fundi, mume wangu amenunua ndege ya injini moja na anataka twende wote Lamu. Injini ikizima si tutaanguka kama jiwe?
– Mama Wawili, Nairobi

JIBU: Hapana, dada yangu. Ndege hizi huteleza hewani. Cessna 172 iliyo futi 1,000 juu ya ardhi, hewa ikiwa tulivu, inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili na nusu kabla ya kugusa chini. Wewe mwombe mambo matatu: akuonyeshe kikombe cha mafuta kila mnapoondoka, akufunge mkanda wa bega na si wa kiunoni pekee, na akufundishe kufungua mlango wako mwenyewe, kwa maana kabla ya kutua kwa dharura mlango huachwa wazi usije ukakwama.