Maswali ya Wasomaji: Usukani wa Ngozi Unaonata

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa teksi hapa Tanga mjini. Gari langu lilitoka Japani likiwa limetumika, na usukani wake umevishwa ngozi nyeusi. Siku hizi pande mbili ninazozishika zinang'aa kama kioo, na joto la kaskazi likianza zinanata mikononi. Kijana anayeniosha gari ananishauri nipake mafuta ya nazi ili ngozi isikauke, na mama watoto anasema nisugue kwa sabuni ya kufulia. Nimsikilize nani? (Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili wanakutakia mema, lakini nakuomba usifuate ushauri wa yeyote kati yao. Ngozi ya usukani ikiwa safi huwa haing'ai. Mng'ao unaouona ni jasho, mafuta ya mwili, losheni na vumbi, vilivyoshindiliwa na viganja vyako siku baada ya siku mpaka vikawa utando. Ukiongeza mafuta ya nazi juu yake unaongeza uchafu juu ya uchafu, kwa sababu ngozi nyingi za magari ya leo hupakwa rangi na koti jembamba la plastiki kiwandani, na mafuta hayapenyi koti hilo bali hubaki juu, yakavuta vumbi na baadaye yakachacha. Tena usukani unaoteleza ni hatari, hasa unapokata kona ghafla, na kwa sababu hiyo hiyo sishauri kabisa ile dawa ya silikoni ya kung'arishia dashibodi. Sabuni ya kufulia nayo ina ukali wa magadi, ilhali ngozi kwa asili yake ina uchachu kidogo, kwa hiyo sabuni hiyo ikitumiwa mara kwa mara hulichosha koti na kuikausha ngozi pale koti lilipokwisha kulika.

Kabla ya kuanza, dondosha tone moja la maji sehemu ya chini ya usukani. Likikaa juu bila kuzama, koti bado lipo. Likinywewa na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi na maji yatumike kwa uangalifu mkubwa. Kisha zima gari na uliweke kivulini, utie matone machache ya shampuu ya watoto katika nusu lita ya maji, uyakoroge mpaka yatoe povu, na uchote povu tupu kwa mswaki laini. Safisha kipande kidogo kidogo kwa kuzungusha mswaki bila kukandamiza, ukipita taratibu kwenye mshono ambako uchafu hujificha, na kila kipande ukifute papo hapo kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, halafu kwa kikavu. Kitambaa kitatoka na rangi ya kahawia. Endelea mpaka kitoke safi. Kikianza kutoka na weusi wa ngozi yenyewe, acha mara moja, kwa maana sasa unakwangua rangi. Sehemu ya katikati yenye honi na mfuko wa hewa wa usalama, pamoja na vitufe, ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Usiinyunyizie maji wala dawa yoyote.

Kwa kazi ya teksi, pitisha kitambaa chenye unyevu kila jioni, na povu mara moja kwa mwezi. Baada ya povu unaweza kupaka krimu ya kulinda ngozi isiyo na silikoni, kiasi kidogo mno, uiache ikauke kabisa kabla ya kuendesha.

Ningependa zaidi uangalie kinachofika mikononi mwako kabla hujashika usukani. Kitakasa mikono chenye alkoholi hulainisha koti la ngozi, kwa hiyo subiri mikono ikauke kabisa. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, hasa yenye DEET, huyeyusha baadhi ya plastiki na rangi. Na wewe unayesimama Muheza kununua machungwa, ujue kwamba mafuta yanayoruka kutoka kwenye ganda unapolimenya yana limonini, ambayo ni kiyeyushi chenye nguvu. Nawa kwanza, ndipo uendelee na safari. Ukiegesha juani, funika usukani kwa taulo jeupe au weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele, kwani Tanga iko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta na jua letu halina huruma.

Ikiwa baada ya usafi wote huo usukani bado unanata, basi koti lenyewe limeoza kwa joto na unyevu, na hakuna sabuni itakayolirudisha. Hapo mpelekee fundi wa viti vya magari auvishe ngozi mpya. Ikibidi usukani ung'olewe, hakikisha anaujua mfuko wa hewa, na kwamba anatoa waya wa betri na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote.

SWALI: Je, kava la usukani la kuvalisha linasaidia? Mimi huegesha gari ufukweni. (Msomaji, Pangani)

JIBU: Linazuia jua, lakini huhifadhi jasho na unyevu chini yake, na wakati wa masika ukungu huota humo bila wewe kuuona. Likiwa limelegea huzunguka mkononi huku magurudumu hayajageuka, na hilo silikubali kwa gari lolote. Ukilazimika kulitumia, chagua la kushonwa linalobana, nawe ulifungue kila baada ya wiki chache ufute ngozi na kuiacha ipate hewa. Ukikuta ukungu, ufute kwanza kwa kitambaa kikavu, milango ikiwa wazi, kisha ndipo utumie povu.