Anzeni na Ijumaa ya Nizwa: ushauri kwa wawili wanaokwenda Oman

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari yetu ya Oman huanza na bei. Mimi huwarudisha kwenye kalenda kwanza. Ijumaa mtakuwa wapi? Maana Ijumaa asubuhi mnatakiwa muwe mji wa Nizwa, kwenye mnada wa mifugo, na mkishaliweka hilo, siku nyingine zinajipanga zenyewe.

Sisi hatukulijua hilo. Mimi na mume wangu tulikaa wiki mbili tukiandika orodha ya kila kitu tulichowahi kusikia: mji mkuu Maskati, miji ya Nizwa na Bahla, mlima Jebel Akhdar, jangwa la Sharqiya, Sur ya waunda majahazi, kasa wa Ras al Jinz, hata Salalah, ambayo iko kama kilomita 1,000 kutoka Maskati. Tulikuwa na usiku saba tu. Siku ya kwanza barabarani tulijaza vituo vinne, na jioni tuliingia Nizwa tumenuniana, kila mmoja anaangalia dirisha lake. Picha tulikuwa nazo, lakini hakuna aliyeweza kumweleza mwenzake alichokiona.

Usiku ule hotelini tulifuta nusu ya orodha. Tukakubaliana kila mmoja ataje kitu kimoja, kimoja tu, ambacho akikikosa atarudi nyumbani na kinyongo. Yeye mtu wa Nungwi, amekulia pembeni ya majahazi yanayoundwa ufukweni, kwa hiyo alisema Sur. Mimi nilisema kulala jangwani. Tukaweka hivyo viwili kama nguzo, mengine yakawa ziada. Nawaomba mfanye mazungumzo hayo kabla ya kununua tiketi, mkiwa mmeshiba na hamna haraka. Msiyaache yawakute kwenye gari.

Sasa kuhusu Ijumaa. Nizwa iko kama kilomita 160 kutoka Maskati, ndani, upande wa milima, na kila Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mifugo karibu na ngome. Tulifika Alhamisi kwa bahati tu. Mnada unaanza mapema, na jua likipanda umekwisha, hivyo mtu anayelala Maskati akitaraji kuuwahi atakuta kinyesi na kamba. Wauzaji wanawatembeza mbuzi kwa duara, wanunuzi wamekaa na kusimama pande zote mbili za njia, bei inapigwa kelele juu ya vichwa. Nilisimama nyuma ya mzee mwenye kanzu nyeupe na bakora mkononi. Mbuzi alipopita alimshika taya, akamfungua mdomo, akatazama meno, akampapasa mgongo kwa vidole viwili, kisha akamwachia bila kusema neno. Mbuzi wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akataja bei. Nimekwenda minada mingi ya kwetu, na mkono ule naufahamu.

Baadaye pandeni ngome. Ilijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, na kazi ilichukua miaka 12. Kwenye ngazi za mnara wa duara mtaona matundu juu ya milango, na humo walinzi walikuwa wakimwaga asali ya tende iliyochemka juu ya adui. Lakini angalieni saa: mchana wa Ijumaa watu wanakwenda kuswali na mji unafunga. Rudini mlale. Jioni nendeni Falaj Daris, mfereji wa zamani wa kugawa maji mashambani ambao bado unatumika, mmoja wa mitano iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tulikaa pale tumetumbukiza miguu majini na hatukuongea karibu nusu saa. Kununiana kwa jana kulikwishia pale.

Ukiwa na Ijumaa mkononi, rudi nyuma: Alhamisi asubuhi mnakuwa Maskati, kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Wageni wasio Waislamu wanaruhusiwa asubuhi tu, saa 2 hadi saa 5, na Ijumaa hawaingii. Mwanamke ajifunike nywele, mikono hadi kiganja na miguu hadi kisigino. Beba mtandio na dera lako, usitegemee kuazima mlangoni. Kisha ndiyo mnaondoka kwenda Nizwa bila haraka. Jumamosi mnayo kwa Bahla na kijiji cha Misfat al Abriyeen. Jebel Akhdar tuliiacha, maana polisi kwenye kizuizi cha barabara ya kupanda hawaruhusu gari lisilo la 4x4, nasi tulikodi dogo. Sijutii.

Kuhusu gari hilo, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipokaribia kuharibikiwa. Ofisi tuliyokodi ilitaka kadi ya mkopo ya kushikilia amana, tena yenye jina la dereva. Sisi tulikuwa na kadi za kawaida za benki na fedha taslimu, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Tulikaa uwanja wa ndege kwa muda wa saa tatu mpaka tukapata ofisi nyingine iliyokubali kwa masharti yake. Ulizeni kwa maandishi kabla: amana kiasi gani, kadi ya aina gani, leseni ya kimataifa inahitajika au la, na bima inafanya kazi mkiingia mchangani? Jibu la swali la mwisho mara nyingi ni hapana.

Halafu Oman wanaendesha kulia. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea kushoto, na barabara kubwa si tatizo, tatizo ni kipilefti. Kule jina lenyewe linakudanganya: unaingia kwa kulia, macho yako yanatazama kushoto, na magari yanazunguka kinyume na tulivyozoea. Saa mbili za kwanza msiende mbali. Zungukeni mitaa yenye utulivu mpaka mikono ya dereva izoee. Kwenye barabara kuu mwendo wa juu kwa kawaida ni kilomita 120 kwa saa, na kamera zipo nyingi. Nasi tulijiwekea sheria moja: dereva akiwa ndani ya kipilefti, msoma ramani asiongee kitu kingine. Njia ikikosewa inarekebishwa mbele. Pakueni ramani kwenye simu mapema, maana mabondeni na jangwani mtandao unakatika.

Jumapili tukashika njia ya jangwani. Simameni Ibra japo saa moja. Kwenye mtaa wa zamani wa Al Minzfah kuna nyumba kubwa za udongo, nyingi zimebomoka, zilizojengwa na familia zilizotajirika kwa biashara ya Zanzibar. Mume wangu alisimama mbele ya mlango mmoja kwa muda mrefu. Milango ya namna ile ameipita kila siku Mji Mkongwe.

Jangwa la Sharqiya, ambalo wengi bado wanaliita Wahiba, linaanza pale Bidiyah. Hamhitaji gari la 4x4 lenu. Kambi nyingi zinakuja kuwachukua, gari lenu mnaliacha mahali pa salama mlipokubaliana. Ni gharama ya ziada, lakini ni ndogo kuliko kukwama kwenye mchanga na gari la watu. Dereva aliyetufuata alikuwa mzee wa makamo. Aliposimama pembeni kupunguza upepo wa matairi alitusikia tukizungumza. Akainua kichwa.

"Mwatoka Unguja?"

Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi nimezaliwa Tabora."

Akaendelea na kazi yake, akibonyeza kipini cha tairi kwa kijiti, upepo ukitoka kwa mluzi. Tairi lililokuwa na upepo wa psi 35 akalishusha mpaka kama 15, likalala chini kama limechoka. Akatueleza kwamba tairi lililojaa linachimba, lililolegea linatandaa na kuelea. Ukirudi lami unalijaza tena kabla ya kukimbia.

Mtawakuta wengi kama yeye. Kuna walioondoka Zanzibar baada ya 1964, na wengi waliingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Wengine walitoka bara, wengine Burundi, wengine Kongo. Kiswahili chao kitawafungulia milango ambayo mtalii mwingine haioni. Ombi langu ni moja: msiwachimbe. Kumbukumbu za wengine ni za msiba. Msalimieni, mpokee kahawa kwa mkono wa kulia, mle tende, na kama kuna hadithi ataianza mwenyewe. Mzee wetu aliianza usiku, akitaja maembe ya Tabora.

Kwenda jangwani chagueni Novemba hadi Machi. Sisi tulikwenda Januari. Mchana ulikuwa mzuri, lakini usiku baridi ilitukamata tukiwa na mashuka mepesi. Bebeni sweta na soksi. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, na mtu mwenye joto la namna hiyo hana upendo na mwenzake. Fikeni kambini saa 10 alasiri, pandeni tuta la mchanga kwa miguu jua linapozama, na asubuhi amkeni kabla ya wengine. Nilikuta nyayo za mdudu zimepita pembeni ya mlango wa hema letu, mstari mwembamba wa nukta mbilimbili, umekwenda juu ya tuta mpaka ukapotea. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikipata.

Jumatatu ikawa zamu yake. Sur iko mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Bidiyah. Mabaharia wa mji huu ndio waliokuwa wakishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, wakarudi na kusi. Wameihifadhi jahazi yao moja, Fatah al Khair, imesimama nchi kavu muitazame kwa raha. Lakini nendeni kwenye karakana ya majahazi, huko ndiko kulikokuwa na uhai. Mafundi wengi tuliowakuta wametoka India. Mume wangu alipita mkono kwenye ubavu wa jahazi lililokuwa halijamalizika, akasimamisha kidole gumba kwenye ufa kati ya mbao mbili, pale pamba inapokandamizwa. "Kalafati," alisema, kama anajisemea. Fundi akageuka, akatabasamu, akasema "kalfat," akamwonyesha patasi yake. Hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, lakini walikaa pale karibu saa nzima wakionyeshana kwa mikono. Mimi nilikaa kivulini na chai ya maziwa, ile wanayoiita karak. Ukimpa mwenzako nafasi kwenye kitu chake, usimsimamie na saa.

Laleni Ras al Hadd au Ras al Jinz, kama kilomita 45 mbele ya Sur. Hifadhi ya kasa ya Ras al Jinz ina ziara ya usiku na ya alfajiri, na lazima mjiandikishe mapema. Chagueni alfajiri. Tulimkuta kasa mmoja tu, maana wengi hupanda kiangazi, lakini mwanga ulitosha kumwona akijivuta kurudi majini, akipumzika kila hatua tatu, mpaka wimbi likamchukua.

Na hapa kuna jambo la mzunguko. Watu wengi huanza na pwani. Fanyeni kinyume: ndani kwanza, pwani wakati wa kurudi. Mkitoka Sur kwenda Maskati, takriban kilomita 200, bahari inakuwa kulia kwenu, upande ule ule mnaoendeshea, kwa hiyo kuchepuka kwenda ufukweni ni rahisi. Barabara kuu haigusi maji, inapita kati ya mlima na bahari. Bila kuchepuka mtaona lami tu. Ondokeni asubuhi, jua bado halijawahamia usoni.

Siku hiyo iwe ya katikati ya wiki. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko kule, na Wadi Shab, bonde lenye maji lililo kwenye njia hiyo, hujaa. Mnavushwa kwa mashua, tulilipa rial moja kila mtu, kisha mnatembea juu ya mawe kama dakika 45 hadi kwenye madimbwi. Mbele zaidi ni kuogelea, mwisho mnapenya ufa mwembamba kuingia pangoni kwenye maporomoko. Mimi sijui kuogelea. Nilibaki dimbwi la kwanza, yeye akaenda, na tulikubaliana kabla kwamba akipita saa moja naomba msaada. Alirudi dakika ya 40. Kaeni na makubaliano ya namna hiyo, na vaeni viatu visivyoteleza. Mwanamke aogelee na fulana na suruali ya kubana, mwanamume na fulana pia. Mkiona wingu zito juu ya milima, msiingie hata kama mlipo kuna jua. Maji ya mabondeni hushuka ghafla, na kuendesha gari kuvuka bonde lenye mafuriko ni kosa la kisheria.

Bimmah, lile shimo lenye maji ya kijani karibu na njia, linatosha kwa nusu saa. Ufukwe wa Fins ndipo pa kula chakula cha mchana mlichojifungia wenyewe.

Usiku wa mwisho rudini Mutrah, penye soko la zamani la Maskati, mkanunue ubani. Msinunue siku ya kwanza, mtaubeba bure na bado hamjajua kuuchagua. Mwombeni muuzaji awafukizie kidogo kidogo aina tofauti. Hojari, wenye kijani kwa mbali, ni ghali. Mume wangu alitaka wa bei nafuu, mimi nikasimama kwenye Hojari, na bado tunaufukiza nyumbani kila Alhamisi jioni.