Usitupe Spika ya Baba: Majibu ya Maswali Yenu

Mwezi huu maswali mengi yametoka Amu (Lamu), na mengine hapa hapa kwetu Malindi, nimeyasoma yote na mengine nimeyarudia mara mbili. Karibu kila mtu aniuliza anunue mashine gani mpya, na mimi kila nikisoma naona ile ya zamani wala haijafa, ni chumvi ya bahari imeiingia ama ni chumba chenyewe ndo kinaharibu mziki. Basi leo kabla ya duka tuangalie kilichoko nyumbani.

*Salaam aleikum fundi. Marehemu babangu aliniachia spika mbili za mbao, ndefu, wufa zake, zile spika za besi, za inchi 8. Zamani zilikuwa zikiimba mpaka watu wasimama barazani wasikize. Sa hii moja yakwaruza kama mtu aparura karatasi na besi hakuna kabisa. Fundi mmoja aliziangalia akanambia zimeoza, tupa ununue sabufa ya kisasa. Roho yaniuma, nifanyeje? (Msomaji, Mkomani, Lamu)*

Waaleikum salaam kaka, Mungu amrehemu mzee. Usitupe! Toa ile kava ya kitambaa ya mbele, washa tochi ya simu, umulike pale koni ya karatasi inapokutana na lile duara la chuma. Utaona utepe laini umezunguka, umebinuka kidogo. Uguse taratibu na kidole. Ukivunjika na kukuachia makombo meusi yanayonata, kama mashapo ya kahawa chini ya kikombe, basi ugonjwa ni huo na koni yenyewe ni nzima kabisa.

Ule utepe ni sponji. Spika nyingi sana za miaka ya 70, 80 na 90 zilitengenezwa nao, na sponji ile huoza kwa unyevu wa hewa na kwa mwanga, hata kama spika imekaa tu kabatini haijapigwa. Sa fikiria Amu, unyevu mwaka mzima. Kazi yake ni kuishika koni ikae katikati na huku inaiachia iende mbele na nyuma, kwahivyo ukikatika koni inalala upande, na ile koili ya waya iliyoko nyuma yake inakaa ndani ya mwanya mwembamba sana wa sumaku, inaanza kugusa chuma, ndo hiyo kwaru kwaru unayoisikia. Na besi inapotea manake hewa ya mbele na hewa ya nyuma zinakutana pale palipotoboka zinauana.

Dawa ni kubadilisha ule utepe, yani ukingo, peke yake. Zinauzwa jozi jozi, lakini usiende dukani ukasema tu "inchi 8", pima upana wa koni yenyewe na upana wa duara la chuma, upeleke vipimo vyote viwili. Kwangua sponji ya zamani yote kwa kisu butu, usiharakishe, hapa ndo watu wanachana koni. Tumia gundi nyeupe, ile inayokauka ikawa wazi. Anza kuubandika ukingo kwenye koni, ngoja ukauke, ndio ushikishe upande wa chuma. Sasa kabla hiyo gundi ya nje haijashika, weka vidole pande mbili za koni, bonyeza sawasawa ishuke na uiachie ipande. Ikienda kimya imekaa katikati. Ukisikia hata mkwaruzo mdogo sogeza ukingo kidogo ujaribu tena, mpaka ikimye. Halafu iwache siku nzima.

Fanya zote mbili hata kama ya pili bado yaimba, manake zina umri mmoja. Kuna watu watakwambia weka za mpira, kweli mpira hudumu zaidi kwa hewa yetu, lakini ni mzito na besi itabadilika. Mimi spika iliyozaliwa na sponji nairudishia sponji, nataka isikike vile mzee alivyoisikia.

*Fundi mambo. Niko Maweni, Malindi. Nina homu thieta imeandikwa wati 5000 PMPO kwa boksi. Jirani ana amplifaya ya kizee ya wati 40 kila upande na akiwasha ananifunika kabisa. Nataka ninunue ya 10000. Alafu twita zangu, zile spika ndogo za sauti za juu, zimeungua mara mbili mwaka huu.*

Poa mdogo wangu. Hiyo PMPO haina kipimo kinachoeleweka, kila mwenye kiwanda anaandika namba anayoitaka. Geuza hiyo mashine, nyuma karibu na waya wa stima kuna stika ndogo imeandikwa inakula wati ngapi. Ukikuta ni 60 basi ujue hakuna miujiza, mashine haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inavyokula, na nyingine inapotea kwa joto. Kipimo cha kuamini ni RMS, yani wati inazotoa mfululizo. Za jirani yako 40 ni 40 kweli.

Lakini hata wati zenyewe watu wanazipa heshima kubwa kuliko haki yake. Ukitoka wati 50 ukaenda 100 umeongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), masikio yatasema ni kama imepanda kidogo. Ili usikie sauti imekuwa mara mbili unataka wati mara 10! Kitu ambacho hakuna anayeuliza dukani ni spika inageuza wati ngapi kuwa sauti. Imeandikwa nyuma ya spika nzuri ama kwenye karatasi yake, desibeli kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 90 ukiipa wati 10 itatoa sauti sawa na ya desibeli 84 iliyopewa wati 40. Mi naamini siri ya jirani yako iko hapo, kwa spika. Mwombe siku moja uunganishe spika zake kwa mashine yako usikie, ila kwanza soma ohmu (ukinzani wa spika kwa umeme) nyuma, mashine ikisema 8 usiitie spika ya 4.

Sasa twita. Hazikuungua kwa sababu mashine ina nguvu nyingi, ziliungua kwa sababu haina. Ukiifungulia hadi mwisho inaishiwa, ule mlima wa wimbi unakatwa kichwa unakuwa bapa, na mziki uliokatwa hivyo unapeleka moto mwingi kwa twita, ambayo koili yake ni waya mwembamba kama unywele. Ukisikia sauti za juu zimekuwa kali zinachoma masikio, rudisha voliumu chini hapo hapo. Usingoje wimbo uishe.

*Kaka yangu ameniletea amplifaya na ya kuchezea santuri kutoka Marekani. Naweza kubadilisha plagi tu nichomeke? (Malindi)*

Usichomeke! Huko stima ni volti 120, yetu ni 240, utasikia harufu kabla hujasikia mziki. Soma nyuma, kuna zingine zina swichi ya kuchagua 120 ama 240, kama ipo geuza. Kama haipo tafuta transfoma ya kushusha, na iwe kubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye stika ya mashine, usichukue ya kulingana, manake itapiga moto. Na hiyo ya santuri angalia jambo moja zaidi, stima yao ni hezi 60, yani hutetemeka mara 60 kwa sekunde, na yetu 50. Kama mota yake ni ile ya zamani inayofuata hezi za stima, santuri ya mizunguko 33 kwa dakika itazunguka karibu 28 na mwimbaji atasikika kama ana usingizi. Transfoma haitengenezi hilo. Kama inatumia adapta ndogo ya DC huna shida, nunua adapta ya hapa yenye volti na ampea zile zile, na mdomo uangaliwe chanya na hasi.

*Mwanangu fundi, mimi ni mama wa Shela, Lamu. Katika kasha la bibi yangu nimekuta santuri nne nzito, nyeusi, zina picha ya mbwa asikiza gramafoni, na moja yasomeka jina la Siti binti Saad. Mjukuu wangu ana mashine mpya ya santuri, asema aje azipanguse na spiriti kisha azipige. Nimemzuia mpaka nikuulize.*

Shikamoo mama. Umefanya la maana sana kumzuia, na ningekuwa karibu ningekuja kukushika mkono. Spiriti isizikaribie hata kwa mbali! Santuri za zama zile si plastiki, ni shelaki, ile ile mafundi seremala huyeyusha kwa spiriti wakapakia mbao. Ukiipangusa na spiriti utaifuta sauti yenyewe.

Siti binti Saad alitoka Unguja akasafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, kampuni ya santuri, hiyo ya picha ya mbwa, na akaimba kwa Kiswahili wakati ambapo taarabu ya wakubwa ilikuwa ni Kiarabu. Kwahivyo mama, ulichonacho kwenye kasha ni kitu cha thamani. Mimi moyo ulinidunda niliposoma barua yako.

Kuzisafisha: chukua yale maji yanayouzwa ya betri ya gari, ila hakikisha ni yale maji matupu na si asidi, manake yote mawili yanauzwa duka moja. Tia tone moja tu la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba, pangusa kwa kuzunguka kufuata mistari, usikate mistari. Karatasi ya katikati isiguswe na maji. Suuza na maji yale yale bila sabuni, kausha kivulini, zisimamishe wima. Usizilaze moja juu ya nyingine na usiziache juani, na zikianguka sakafuni zinavunjika kama sahani.

Kuzipiga sasa. Mwambie mjukuu aangalie kama mashine yake ina namba 78 (mizunguko 78 kwa dakika, kasi ya santuri hizo), nyingi mpya zina 33 na 45 tu. Hata ikiwa nayo, sindano iliyokuja nayo haifai, ni ya santuri za plastiki ambazo mistari yake ni myembamba. Mistari ya 78 ni mipana karibu mara tatu, kwahivyo sindano ndogo inatumbukia mpaka chini inakokota vumbi la miaka 90, utasikia shhhhh na mama wa watu kwa mbali. Aulize sindano ya 78, kwa mashine nyingi inabadilishwa kichwa tu. Na lile gramafoni la kuzungusha mkono, kama bado liko, liwe pambo, ule mkono wake ni mzito na sindano za chuma zilikuwa za kubadilishwa kila upande mmoja ukiisha. Kila upande una kama dakika 3. Zipigeni mara moja vizuri, mzirekodi kwa kompyuta, kisha zirudi kasha lao, mtakayokuwa mkisikiza kila siku ni ile rekodi.

*Fundi, nimehamia nyumba ya mawe ya zamani Langoni, Lamu. Spika zangu zilikuwa nzuri sana nilikokuwa, hapa zimekuwa kelele, maneno hayasikiki na besi yavuma sehemu moja tu. Zimeharibika njiani?*

Hazijaharibika. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kubwa. Ukisikia mlio kama chuma unatetemeka "tring" baada ya kofi, hicho ndicho kinachokula maneno ya mwimbaji. Nyumba zetu za kale ni matumbawe na chokaa, kuta mbili ndefu ngumu zinatazamana, na chumba ni chembamba manake upana wake ulikatwa na urefu wa boriti za mikoko, mita 2 na nusu hivi, hazizidi 3. Sauti inaruka ukuta huu hadi ule haina pa kulala.

Na besi ina hesabu yake. Sauti kwa joto letu inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde. Chumba cha mita 2.5 kinashika wimbi la mita 5, yani hezi 70, na hiyo ndo noti inayokuvumia, imejaa ukutani na katikati ya upana inapungua sana. Sasa kama umeegemea ukuta na spika umezisukuma kwenye kona, utapata kuvuma tupu.

Ziweke ukuta mfupi zitazame urefu wa chumba, uzitoe konani hata nusu mita. Tandika zulia zito, mkeka peke yake ni mwembamba unameza sauti za juu kidogo tu. Tundika pazia zito ukuta mmoja wa kando, hakuna haja ya miwili. Mito ya sufi iweke kwa wingi, godoro likiwepo ndo bora zaidi. Boriti za juu usizifunike, na zidaka kama unazo ziache na vyombo vyake, zile pembe zinatawanya sauti vizuri kuliko ukuta mtupu. Na kama unakaa chini kwenye jamvi kama wengi wetu, spika zisiwe juu ya kabati, twita iwe usawa wa sikio lako ulivyokaa. Halafu piga tena lile kofi.

*Voliumu ya amplifaya yangu ikizungushwa yapiga kelele krrr krrr, na upande mmoja wapotea. Niko karibu na bahari. (Malindi)*

Chumvi hiyo. Chomoa stima, zungusha voliumu mwanzo hadi mwisho mara 30, wengine inapona hapo hapo. Ikikataa, fundi aifungue apulize dawa ya kusafishia kontakti, isiwe mafuta ya kupikia ama ya cherehani, nimeshaona yote mawili. Na waya za spika zilizogeuka kijani kata inchi moja, menya upya mpaka shaba ing'ae, ndo urudishe.