Diski ya PS4 haisomeki kwenye kompyuta

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina PS4 ya kwanza, ile nene, na diski yake ya GB 500 imejaa. Laptopu yangu imekufa bodi ila diski yake ya TB 1 ni nzima, nikaona niihamishie kwenye PS4. Nimechomoa diski ya PS4 na kuichomeka kwenye kompyuta ili ninakili sevu zangu, lakini Windows inaniambia niifomati kwanza. Je, imeharibika? Na hiyo ya laptopu itakubali?

Jibu: Salama. Usikubali kuifomati. Diski yako haina tatizo: PS4 huandika kila kitu kwa usimbaji fiche, na ufunguo uko ndani ya mashine hiyohiyo. Kompyuta haielewi kilichomo, na hata PS4 nyingine haitaisoma. Programu za kurejesha mafaili usizisumbukie.

Irudishe ilikotoka, washa PS4, kisha kwenye mipangilio nakili data za sevu kwenye flashi yenye mfumo wa FAT32 au exFAT. Gemu utaziweka upya au kuzipakua tena. Ukipenda kuhamisha kila kitu kwa mkupuo, PS4 inaweza kutengeneza nakala nzima kwenye diski ya nje, ila vikombe (tuzo unazopata kwenye gemu) haviingii humo, kwa hiyo vioanishe kwanza na akaunti yako ya PSN, mtandao wa PlayStation.

Diski ya laptopu itakubali ikiwa ni ya kiunganishi cha SATA, ya inchi 2.5, isiyopungua GB 160, na unene wake hauzidi mm 9.5. Nyingi za laptopu ni mm 7 au 9.5, za mm 15 hazikai kwenye kishikio, pima kabla hujafungua chochote. Hamisha picha na nyaraka zako kwanza, maana PS4 itafuta vyote. Na kama diski inagonga "tk, tk" inapowaka, iache: hiyo inakaribia kufa.

Kufunga si kazi kubwa. Chomoa waya wa umeme, sukuma kipande cha juu kinachong'aa kuelekea nje kitoke. Chini yake kuna skrubu moja yenye alama za vitufe vya padi. Ifungue, vuta kishikio taratibu kuelekea mbele. Diski imeshikwa humo kwa skrubu nne. Tumia bisibisi ya nyota saizi PH1 na ukandamize kwanza ndipo uzungushe, kwa sababu ndogo zaidi ya hapo itakula kichwa na skrubu haitatoka tena. Vile viraba vidogo usivipoteze, vinapunguza mtikisiko.

Wengi hukwama kwenye programu. Diski mpya haina mfumo wowote, kwa hiyo unahitaji faili la kusakinisha upya, lenye takriban GB 1, kutoka tovuti ya PlayStation. Faili la sasisho la kawaida ni dogo zaidi na halitafanya kazi hapa, lakini yote mawili yanaitwa PS4UPDATE.PUP! Angalia ukubwa, si jina. Kwenye flashi tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, herufi kubwa zote, na faili likae humo. Ukilipakua mara mbili, kivinjari hulipa jina PS4UPDATE(1).PUP, na PS4 itasema haioni kitu.

Chomeka flashi, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7. Unganisha padi kwa waya wa USB, kwani hapa haifanyi kazi bila waya. Waya uwe unaopitisha data. Ule wa kuchajia tu utakufanya ubonyeze bure. Kwenye menyu itakayotokea chagua namba 7, ya kusakinisha mfumo upya, na usubiri.

GB 500 ya zamani usiitupe, ila subiri mpaka sevu zirudi salama kwenye diski mpya. Kisha iweke kwenye kasha la USB 3.0 na uipe PS4 kama hifadhi ya nje; mfumo kuanzia toleo 4.50 unakubali diski za GB 250 hadi TB 8. Ichomeke moja kwa moja kwenye mashine, si kupitia habu.

Ukiitaka kwenye kompyuta, angalia umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa mA 500, na diski inapoanza kuzunguka huweza kuhitaji karibu mara mbili ya hapo, ndiyo maana nyingine hulia na kuzimika hata kama ni nzima. Baadaye fungua diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa amri za kuandika, kama msimamizi, andika list disk, tambua ile ya GB 500 (Windows itaonyesha takriban 465), kisha select disk na namba yake, halafu clean, inayofuta diski yote. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza Enter: diskpart haiulizi kama una uhakika.