Papa Yohane XX Hayupo: Kwa Mnaoanza Historia ya Kanisa

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, Yohane XX ameibuka tena. Safari hii amepewa hadi miaka ya utawala, na aliyemwandika amempangia nafasi yake vizuri kabisa kati ya Yohane XIX na Yohane XXI. Papa huyo hajawahi kuwepo. Kila mwaka anarudi kwenye kazi zenu akiongozana na "Fransisko I" na "Mtume Petro alipopewa cheo cha Papa", na kila mwaka mzizi ni uleule: mnachukua orodha ya leo na cheo cha leo, mnavirudisha nyuma karne kumi na tisa bila kuuliza nani alihesabu na lini. Someni haya kabla ya kukabidhi kazi ya muhula.

1. Neno "Papa" halikuzaliwa Roma. Linatoka kwenye Kigiriki, pappas, mtoto anavyomwita baba yake, na kwa muda mrefu Wakristo walimwita hivyo askofu yeyote waliyemheshimu. Dionisi wa Aleksandria, katika karne ya 3, anamtaja mtangulizi wake Heraklas kuwa ni papa wao mwenye heri. Eusebi, mwanahistoria wa Kanisa la kale, ndiye aliyetuhifadhia maneno hayo. Na fungueni barua ya 30 katika mkusanyiko wa barua za Sipriani, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini. Mwaka ni 250. Fabiani, askofu wa Roma, ameuawa mwezi Januari katika dhuluma ya Kaisari Decius, na Kiti kiko wazi. Mapadre na mashemasi wa Roma wanamwandikia Sipriani, na salamu yao inaanza hivi: "Cypriano papae", yaani "kwa papa Sipriani". Makleri wa Roma wenyewe, wakiwa yatima, wanamwita papa askofu wa Afrika! Mkiielewa salamu hiyo, nusu ya mada mmeimaliza.

Kwa upande wa Roma, nendeni kwenye katakombe ya Kalisto, makaburi ya chini ya ardhi. Shemasi Severo ameacha maandishi kwamba alijitengenezea chumba cha kaburi chenye sehemu mbili kwa ruhusa ya "papa wake Marselino", aliyeongoza mwaka 296 hadi 304. Liangalieni hilo "wake": ni shemasi anayemtaja baba yake. Kubana neno kulikuja polepole, na alama yake kubwa ni mwaka 1075, katika Dictatus papae, orodha ya kauli za Papa Gregori VII kuhusu mamlaka yake. Ina sentensi 27, na ya 11 inatangaza kwamba jina hilo ni la pekee duniani.

Aleksandria haikuliachia. Tawadros II wa Wakopti ni Papa wa 118 kwa hesabu yao, na mkuu wa Waorthodoksi wa Kigiriki huko huko anaitwa Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika Yote. Waorthodoksi wa Nairobi na wa Bukoba wako chini yake. Kwa hiyo mkiandika kuhusu karne tano za kwanza, andikeni "askofu wa Roma".

2. Vyeo vingine havikuja kwa siku moja. "Mtumishi wa watumishi wa Mungu" tunakihusisha na Gregori Mkuu (590–604), wakati alipokuwa akibishana na Yohane Mfungaji (aliyesifika kwa kufunga chakula), patriaki wa Konstantinopoli, juu ya cheo cha patriaki wa ulimwengu. "Wakili wa Kristo" alikikazania Inosenti III (1198–1216). Waliomtangulia walipendelea kuitwa wakili wa Petro. Pontifex Maximus alikuwa mkuu wa makuhani wa kipagani wa Roma. Kaisari Gratianus alikiacha cheo hicho mwishoni mwa karne ya 4, lakini mapapa walikuja kukitumia kwa kawaida karne ya 15. Msiandike kwamba Kaisari alikivua asubuhi na Papa akakivaa jioni.

3. Namba. Hapa ndipo panapouma. Wengi wetu tuliotangulia tulianguka papa hapa, na halikuwa kosa la uvivu. Ukiona XIX kisha XXI, akili inajaza pengo yenyewe, mkono unaandika, na unajiona umefanya kazi safi.

Pengo lilianzia gerezani. Yohane XIV alichaguliwa mwishoni mwa mwaka 983. Mwaka uliofuata Bonifasi VII, aliyekuwa amekimbilia Konstantinopoli, alirudi na kumfungia katika ngome ya Sant'Angelo, na humo akafa. Orodha ya zamani ikaeleza muda wake kwa mafungu mawili: miezi ya utawala, kisha miezi minne ya kifungo. Waliokuja baadaye wakayasoma mafungu mawili kama watu wawili. Hapo akazaliwa Yohane wa ziada, mtoto wa kalamu. Mwaka 1276 makardinali waliokuwa Viterbo wakamchagua Pedro Julião, Mreno. Yeye, akiamini kwamba hesabu ya waliomtangulia ilikuwa imemruka Yohane mmoja, akairuka XX na kujiita Yohane XXI. Hakudumu: Mei 1277 dari la chumba chake kipya lilimwangukia, akafa siku chache baadaye. Wanahistoria walipokuja kumfuta yule Yohane wa ziada, namba za waliokwisha kufa hazikuweza kusogezwa. Namba XX ikabaki haina mwenyewe hadi leo.

Ongezeni na hili: Yohane XVI (997–998) alikuwa antipapa, yaani mdai wa upapa asiyehesabiwa kuwa halali, lakini namba yake haikurudishwa. Kwa hiyo kutoka Yohane I hadi Yohane XXIII aliyechaguliwa mwaka 1958, mapapa halali ni 21. Fanyeni hesabu hiyo kwa mkono mara moja, hamtaisahau.

Wako wengine wa aina hii. Martino IV (1281–1285) ni Martino wa pili tu, kwa sababu Marino I na Marino II walihesabiwa kuwa Martino. "Dono II" wa karne ya 10 ni neno domnus, yaani "bwana", lililosomwa vibaya likawa mtu. Na Stefano aliyechaguliwa Machi 752 alikufa siku chache baadaye kabla ya kuwekwa wakfu. Enzi hizo upapa ulianza kwa kuwekwa wakfu, kwa hiyo watu wa wakati wake hawakumhesabu. Karne za baadaye zikamhesabu kwa sheria mpya. Mwaka 1961 Kitabu cha Mwaka cha Vatikano kikamwondoa. Ndiyo maana mnakuta "Stefano II (III)". Andikeni namba zote mbili, hivyo hivyo, hadi Stefano IX (X).

Utaratibu wa kujikinga ni huu. Kwa kila papa andika vitu vinne: jina la upapa, jina la ubatizo, siku ya kuchaguliwa, siku ya kuwekwa wakfu au kusimikwa. Kisha linganisha orodha mbili, moja ya kabla ya 1961 na moja ya baadaye. Zikitofautiana, usichague inayokupendeza; tafuta sababu.

4. Namba si cheti cha uhalali. Felisi II, Bonifasi VII, Benedikto X na Aleksanda V wamewekwa upande wa antipapa, ila namba zao zilirukwa na waliofuata. Klementi VII na Benedikto XIII wa Avignon hawakupewa heshima hiyo: namba zao zilichukuliwa tena mwaka 1523 na 1724. Hakuna kanuni moja, kwa hiyo msitafute njia ya mkato.

5. Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, ni Papa wa 267, lakini watu ni 265, maana Benedikto IX ameingia mara tatu katika karne ya 11. Semeni mnahesabu vipindi au watu.

6. Fransisko hana "I", ila Yohane Paulo I alijiwekea mwenyewe. Wa kwanza kubadili jina kwa hakika ni Yohane II, mwaka 533, aliyeitwa Mercurius, jina la mungu wa kipagani. Wingi wa Papa ni mapapa. Bila "ma-" mnazungumzia samaki.

7. Kabla hujaandika lolote kuhusu Yohane XXIII, tafuta picha ya kaburi lililo katika Batisterio ya Firenze, kazi ya Donatello na Michelozzo. Aliyelala pale ni Baldassare Cossa, aliyechaguliwa mwaka 1410 katika safu ya Pisa, yaani safu ya antipapa iliyoanzia mji huo, na kuvuliwa na Mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Konstanz mwaka 1415. Juu ya jiwe wameandika "Ioannes quondam papa XXIII", Yohane aliyekuwa Papa wa 23. Papa wa wakati huo, Martino V, hakupendezwa na maneno hayo. Wafirenze hawakuyafuta, na Angelo Roncalli alipochukua namba ileile miaka 543 baada ya Konstanz, jiwe lilikuwa bado linasomeka.