Saa mbili si "two o'clock": majibu kwa wanaojifunza Kiingereza

Mwalimu, shikamoo. Ni dereva wa watalii, Arusha. Niliagana na mgeni kwamba nitampitia "two o'clock". Nikafika saa mbili asubuhi, yeye bado amelala, akanikasirikia. Nilikosea wapi?

Marahaba. Hukukosea peke yako. Hili ndilo kosa ninalolisahihisha darasani kuliko mengine yote. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Waingereza wanaanzia saa sita usiku, kisha wanaanza upya saa sita mchana. Tofauti ni saa sita kamili: saa mbili asubuhi ni "eight o'clock", saa tisa alasiri ni "three o'clock". Usipige hesabu kichwani mbele ya mgeni, utababaika. Itazame saa ya ukutani. Ikiwa saa mbili, mshale mfupi uko kwenye 8. Sisi tunasoma namba inayotazamana nao, ng'ambo ya pili. Mwingereza anasoma pale pale ulipo. Basi nawe soma ulipo. Halafu ongeza "in the morning" au "in the afternoon". Ungemwambia "two in the morning" angeshtuka hapo hapo akakuuliza, na mngeelewana.

Nahudumu kwenye mgahawa Unguja. Mgeni aliniuliza, "Don't you have milk?" Nikajibu "Yes", kwa kuwa maziwa yalikuwa yamekwisha. Akakaa akiyasubiri mpaka chai ikapoa.

Ulifikiri kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ulikuwa sahihi. "Ndiyo" yetu inamjibu mtu: umesema kweli, hayapo. "Yes" na "no" zinajibu jambo lenyewe. Maziwa yapo? Ni "yes", swali liwe limeulizwa vyovyote. Hayapo? Ni "no". Usiliache neno hilo peke yake, lipe mkia: "No, we don't." Au, vizuri zaidi kwa mhudumu: "Sorry, we've run out of milk." Hiyo "run out" ikariri nzima kama ilivyo, maana ukiichambua neno moja moja utamwona mtu anakimbia nje. Kesho utaihitaji kwa barafu, keshokutwa kwa sukari.

Je, "pole" ni "sorry"? Mwenzangu kazini, Mwingereza, alijikwaa nikamwambia "Sorry". Akasema si kosa langu.

Nalipenda sana neno pole, na nasikitika kwamba Kiingereza hakina la kulilingana. "Sorry" ikisimama peke yake, wengi husikia unaomba radhi. Aliyejikwaa muulize "Are you all right?" Mgonjwa mwambie "Get well soon". Mfiwa mwambie "I'm sorry for your loss". Hapo "sorry" inakuwa pole kweli, kwa kuwa umetaja kinachokusikitisha. "Pole na kazi" haina tafsiri ya moja kwa moja, lakini usiwanyime watu ukarimu wake. Mwenzako akitoka kazini amechoka, "You've had a long day" humfikia vizuri.

"Borrow" na "lend" zinanichanganya. Sisi kuazima kunatosha kote.

Angalia kitu kinaelekea wapi. Kikija kwako ni "borrow", kikitoka kwako ni "lend": "Can I borrow your pen?" na "Can you lend me your pen?" "Borrow me" iache kabisa.

Nasoma sekondari, Dodoma. Ulimi wangu hauwezi "three" wala "this", na wenzangu hunicheka.

Unaweza, mwanangu, kwa sababu sauti hizo zimo katika Kiswahili. Ya "three" ndiyo th ya thelathini na thamani. Ya "this" ndiyo dh ya dhahabu na fedha. Ila kama unasema "selasini" na "feza", kama wengi wetu tuliokulia bara, anzia hapo. Ukinyoosha Kiswahili chako, Kiingereza kitafuata. Ncha ya ulimi ichungulie katikati ya meno. Kwa th, weka kiganja mbele ya mdomo na usikie pumzi ikipita. Kwa dh, weka vidole kooni na usikie mtetemo. Kisha yafunge maneno mawili mawili: thelathini, "three"; thamani, "thank you"; dhahabu, "this"; fedha, "father". Mimi nilijifunza hivyo nikiwa mtu mzima, mbele ya kioo. Dakika tano kabla ya kwenda shule, kwa sauti, si moyoni.