Mzee wa Vizimba Anajibu: Chui Msiyemwona

SWALI: Shikamoo Mzee wa Vizimba. Mimi ni mama wa watoto wawili, na safu yako ndiyo huanza nayo kabla ya kurasa nyingine. Majuzi niliwapeleka wanangu kwenye bustani ya wanyama ya jijini. Tuliingia kwa shangwe, tukatoka kila mtu ana lake moyoni.

Simba dume tulimkuta amelala chali, tukamwacha amelala chali. Kijana wangu akaapa kwamba amekufa. Jirani yake, chui milia jike alikuwa anakwenda na kurudi kando ya uzio, njia ileile, na akifika kwenye nguzo anageuza shingo kwa namna ileile, mpaka nikaanza kuona kizunguzungu. Twiga alikuwa akilamba chuma cha lango, analamba tu, hakuna jani wala chumvi. Kwenye kizimba cha chui tulisimama kwa muda mrefu bila kuona hata mkia, na wageni wenzetu wakawa wananung'unika kwamba wamelipa kiingilio ili watazame vichaka. Gorila mmoja alitupa mgongo. Binti yangu alipogonga kioo akageuka, akaja mbio na kukipiga kishindo, tukaruka wote.

Palipotufurahisha ni kwenye banda la mbega. Ukutani wamechora msitu mzima, na ndege, na maporomoko ya maji. Sakafu inang'aa, hakuna hata harufu.

Je, wanyama wale wanateseka? Mtu asiye mtaalamu atajuaje kizimba kizuri na kibaya? Na je, nirudi tena na watoto au nisirudi?
— *Mama wa Wawili*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umetazama kwa makini kuliko wageni wengi niliowaona katika miaka yangu ya kubeba ndoo. Wengi hupiga picha, husoma jina kwenye kibao, husonga mbele. Ila hukumu zako nyingine nitazipindua: banda lililokupendeza ndilo linalonitia shaka, na kile kizimba mlichokinung'unikia huenda ndicho bora kuliko vyote mlivyopitia.

Simba mwache alale. Hata porini simba hulala na kujinyoosha hadi saa 20 kwa siku, kwa sababu kuwinda kunachosha na jua ni kali. Anayelala chali, tumbo wazi, hamwogopi aliye jirani. Mwambie kijana wako atazame mbavu zinavyopanda na kushuka.

Chui milia ndiye wa kuhangaikia. Kwenda na kurudi kwa mtindo ule ni tabia ya kizimbani. Mwaka 2003 watafiti Ros Clubb na Georgia Mason walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa wanyama walao nyama, wakaona kwamba wale ambao porini huzunguka eneo kubwa zaidi ndio wanaotembea hivyo zaidi wakifungiwa, na ndio wanaopoteza watoto wachanga zaidi. Dubu wa barafu yuko mbele kabisa katika orodha hiyo. Kwa hiyo nyama pekee, hata ikiwa nzuri namna gani, haimtoshi mnyama aliyeumbiwa mwendo.

Lakini kabla hujamlaani mwenye bustani, uliza: ilikuwa saa ngapi? Paka wakubwa wanaujua mlio wa ndoo na mlio wa kufuli kuliko mimi ninavyoijua sauti ya mke wangu. Akizunguka kabla ya chakula, kisha akala na kulala, alikuwa anangoja tu. Akizunguka asubuhi, mchana na jioni, pana tatizo. Ushahidi uko chini: tazama udongo kando ya uzio. Njia iliyochimbika hadi nyasi zimekufa kabisa haikutengenezwa na nusu saa ya njaa.

Tena kuna wanaozunguka kwa sababu ya mahali walikotoka. Niliwahi kumhudumia dubu aliyeletwa kwetu akiwa mtu mzima, baada ya maisha marefu ndani ya sanduku la kusafiria la sarakasi. Tulimpa kilima, bwawa, magogo ya kuparua na asali iliyofichwa kwenye mashimo. Akaenda hatua nne mbele, hatua nne nyuma, katikati ya nyasi, urefu wa sanduku lake. Alipunguza baadaye. Hakuacha.

Twiga ana ulimi usio na kazi. Porini hutumia saa nyingi kuchuma majani ya migunga, akiupitisha ulimi kati ya miiba. Kizimbani anawekewa chakula tayari, anakimaliza upesi, halafu ulimi unatafuta la kufanya na kukutana na lango. Dawa yake ni rahisi: matawi yatundikwe juu kabisa, na majani makavu yatiwe kwenye wavu wenye matundu madogo ili ahangaike nayo. Mkirudi, tazameni juu kama kuna matawi. Yasipokuwepo, mwambieni mhudumu kwa adabu. Wahudumu hufurahi mgeni anapoyasema yale ambayo wao wamekwisha yasema vikaoni bila kusikilizwa.

Sasa tuje kwa chui, maana hapo nina ugomvi wa siku nyingi.

Yule Mswisi Heini Hediger, aliyeziongoza bustani za wanyama za Bern, Basel na kisha Zürich, alieleza jambo ambalo kila mtunza wanyama analijua mwilini hata kama hajalisoma: mnyama ana umbali wake. Adui akiwa nje ya umbali huo, mnyama anamtazama tu. Akiuvuka, mnyama anakimbia. Sasa mweke chui katika kizimba chembamba, kioo mbele, ukuta nyuma, watu mchana kutwa. Umbali wake umevukwa tangu lango lilipofunguliwa asubuhi, na hana pa kukimbilia. Anaweza kukaa kimya, asizunguke, asingurume, nanyi mkasema ametulia, kumbe amejikunyata tu.

Mpe vichaka, mpe gogo lililolala mshazari, mpe kibao juu ya mti anakoweza kuona bila kuonekana, naye atakuwa na uamuzi mkononi mwake. Chui mwenye uamuzi huja mbele mwenyewe, jua likipungua, akapita mita chache kutoka kwenye kioo kana kwamba ninyi hampo. Shida ni wageni. Nimekaa vikao ambavyo ajenda ilikuwa moja tu: kateni vichaka, watu wanalalamika. Nasi tukakata. Kwa hiyo bustani yenu kama imeyavumilia manung'uniko hayo na kuviacha vichaka, mimi naivulia kofia. Nendeni mapema lango linapofunguliwa, au saa ya mwisho kabla ya kufunga. Kaeni. Msimwite.

Banda la mbega, mwanangu, lilichorwa kwa ajili yako. Mbega hali rangi wala hapandi picha. Yeye ni mkazi wa juu mitini, anaruka kutoka tawi hadi tawi, anatafuna majani na kuchagua wa kuketi naye. Hesabu kamba na matawi: mmoja akifukuzwa na mwenzake, ana njia ngapi za kutorokea? Ikiwa ni moja, mnyonge wa kundi hana raha. Na sakafu inayong'aa ni saruji inayosafishwa kwa mpira wa maji. Inamfaa mwenye mpira. Nani alisema banda la mnyama lisinuke? Wanyama wengi huweka harufu zao makusudi, sisi tukaja na dawa tukazifuta, nao wakaanza upya.

Maradhi haya ya kujenga kwa ajili ya macho ya mgeni ni ya zamani. Mwaka 1907 Carl Hagenbeck alifungua bustani yake karibu na Hamburg, akaondoa vyuma mbele ya wanyama na kuweka mahandaki yasiyoonekana. Mgeni akawaona simba kama vile hakuna kinachomzuia asiliwe. Ilikuwa hatua kubwa, sikatai, lakini handaki hula nafasi ya mnyama, na aliyepewa hisia ya uhuru ni mtazamaji. (Bwana huyohuyo alikuwa pia akionyesha binadamu waliotolewa nchi za mbali, pamoja na mifugo yao na vibanda vyao, kwa kiingilio. Kwa hiyo sifa zake huwa nazitoa kwa kipimo.) Kule London mwaka 1934 wakajengewa pengwini bwawa la zege lililosanifiwa na Berthold Lubetkin, lenye njia mbili za mteremko zinazopishana hewani bila nguzo. Ni zuri ajabu, wasanifu wanalipenda hadi leo na sheria inalilinda. Zege likawa linawachubua ndege nyayo. Mwaka 2004 wakahamishwa. Jengo lipo, pengwini hawapo.

Gorila hakukupeni mgongo kwa dharau. Kwao kumkodolea mtu macho ni kumtafuta shari, na ninyi mlikuwa mnamkodolea familia nzima. Kisha kioo kikagongwa, na huko ndani kishindo kile ni kikubwa kuliko mnavyodhani. Binti akirudi akae chini, atazame pembeni, atafune kitu taratibu. Ataona tofauti.

Kama mrudi? Rudini, ila mkiwa na swali la kuuliza kwenye lango: hapa mnamlea nani ambaye huko kwao anatoweka, na mna mpango gani wa kumrudisha? Jibu lipo kwa baadhi ya bustani. Choroa wa Arabuni, aina ya swala wenye pembe ndefu, walimalizwa porini mwaka 1972, na walioachiliwa Omani mwaka 1982 walitokana na kundi lililolelewa uzioni. Chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko moja tu, kule Udzungwa nchini Tanzania. Maji yalipopunguzwa kwa ajili ya umeme, karibu vyura 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000, wakalelewa katika bustani za Bronx na baadaye Toledo, ndani ya visanduku vya kioo vyenye mabomba ya kunyunyiza ukungu. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Visanduku vile havina mchoro ukutani, na sidhani kama kuna mgeni aliyewahi kupanga foleni kuvitazama.

SWALI: Mzee, kwenye bwawa la flamingo hakuna wavu wala paa. Mbona hawaruki wakaenda zao?
— *Kijana Mdadisi*

JIBU: Kwa sababu wamezuiwa, kijana wangu, na kibao hakikuambii. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza manyoya ya bawa. Hiyo haiumi, na manyoya mapya yakiota lazima warudie. Ya pili ni kukata ncha ya bawa moja kwenye kiungo, ndege akiwa bado kifaranga. Hiyo haioti tena, hataruka maisha yake yote. Mimi naipinga ya pili, na napendelea wavu mkubwa juu ya bwawa, hata kama unaharibu picha zenu.

Ukirudi, tazama ukingoni. Ukiona vioo vikubwa vimesimamishwa, si urembo: flamingo huzaliana wakijiona wako wengi, na kundi dogo hudanganywa kwa vioo. Rangi yao nayo hutokana na wanachokula. Wakiwa wamepauka, muulize mhudumu wanalishwa nini.